Kwani Niliomba Kuzaliwa?

Masomo: Ayubu 1:4–5, Ayubu 3, Luka 2:41–52

Kuna maneno ambayo mzazi wa kijana wa miaka 13 kwenda juu akiyasikia, anaishiwa nguvu. Mmekosana juu ya simu, ama juu ya vyombo ambavyo havijaoshwa. Wewe umesema, yeye amejibu. Halafu anakutolea lile neno: "Kwani niliwaomba mnizae?"

Wengi wetu tunaliita utovu wa adabu, na kusema kweli, linavyosemwa huwa ni utovu wa adabu. Lakini hebu tulitazame swali lenyewe. Mtoto amesema ukweli. Hakuomba. Hakuna hata mmoja wetu aliyeomba. Ayubu, mtu mwelekevu, aliilaani siku aliyozaliwa. Soma sura ya 3. Yeremia naye alifanya hivyo katika sura ya 20, na Mungu hakumfukuza kazi ya unabii. Basi swali hili si geni mbele za Mungu, na linahitaji jibu. Jibu lenyewe si kofi, wala si mahubiri ya saa moja. Jibu zuri kuliko yote ambalo familia inaweza kutoa ni siku ya kuzaliwa ya huyo kijana, ikisherehekewa nyumbani, na watu wa nyumbani.

Najua kuna watakaopinga. Wa kwanza atasema Biblia inataja waziwazi sherehe mbili za kuzaliwa, zote za wafalme wasiomcha Mungu, na zote zilileta kifo. Ni kweli. Katika Mwanzo 40, Farao alimtundika mkuu wa waokaji siku yake ya kuzaliwa. Katika Mathayo 14, Herode aliagiza Yohana Mbatizaji akatwe kichwa. Lakini soma vizuri, mpendwa. Mathayo anatuambia mfalme alisikitika, ila kwa ajili ya kiapo chake na ya wale waliokaa naye mezani, akatoa amri. Aliogopa macho ya wageni! Hilo ndilo onyo letu. Ukumbi wa kukodi, keki ya ghorofa tatu, picha za kuwekea watu kwenye simu, halafu mwezi mzima mnalipa deni la chama na mtoto hana viatu vya shule. Sherehe inayofanywa kwa ajili ya macho ya wageni huanza kwa kuumiza watu wa nyumbani.

Wa pili atasema haya ni mambo ya wazungu. Keki ni ya wazungu, sawa. Lakini uliza kwa Wabukusu kwa nini mtu anaitwa Wafula, utaambiwa alizaliwa wakati wa mvua. Nekesa ni wa mavuno, Wanjala ni wa njaa. Kwa Waluo, Otieno alizaliwa usiku, Achieng alizaliwa jua likiwaka. Kwa Wakalenjin, Kiprotich alifika ng'ombe wakirudi nyumbani. Wazee wetu hawakuwa na kalenda ukutani, lakini ile siku waliifunga kwenye jina. Kila ukiitwa, unakumbushwa ulivyofika. Kukumbuka hakujaletwa na meli.

Sasa, kwa nini nyumbani? Angalia maisha ya kijana wa sekondari. Wiki nzima anapimwa. Shuleni anapimwa kwa alama na namba darasani. Uwanjani anapimwa kwa mabao. Kwenye simu anapimwa kwa idadi ya waliopenda picha yake. Hata kanisani tunamuuliza kama amekariri mstari. Tukisherehekea matokeo ya KCSE, tunasherehekea alichofanya. Siku ya kuzaliwa ni tofauti kabisa. Siku hiyo hakufanya chochote ila kulia. Tunasherehekea kwamba yupo. Sisi watu wa wokovu tunajua jina la kitu kinachopewa mtu bila kukifanyia kazi na bila kukiomba. Kinaitwa neema. Bwana wetu alipobatizwa, Mathayo 3, Baba alitangaza kupendezwa naye kabla Injili hiyo haijataja muujiza wake hata mmoja.

Marafiki wa kijana wana nafasi yao. Wacha wamwimbie, wacha wammwagie maji, watoto wetu wamezoea hivyo na wanafurahi. Lakini marafiki hawakuwapo. Aliyekuwapo ni mama, anayejua kama usiku ule kulinyesha na kama gari lilipatikana. Ni baba, aliyesimama nje hajui akae ama atembee. Ni nyanya, aliyemwosha. Hao ndio wanaoweza kumwambia, "Sisi tulikungoja," na iwe ni ushahidi.

Hapa ndipo wazazi tunaharibu. Chakula kiko mezani, tumeshaomba, halafu mtu anaanza: "Unajua nimekulipia karo ya pesa ngapi? Umemwona mwenzako wa pale jirani?" Mara hiyo hiyo zawadi imegeuka kuwa bili. Na ikishakuwa bili, yule kijana ana haki kukuuliza swali lake, kwa sababu huwezi kumdai mtu mkopo ambao hakuomba. Bali zawadi haidaiwi. Mtu akijua kweli kwamba amepewa, shukrani hutoka yenyewe, hata kama itachelewa miaka kumi. Amri ya Kutoka 20:12 ya kumheshimu baba na mama iko palepale, haina likizo. Ila siku hii moja mzazi ndiye atangulie kushukuru.

Kuna jambo gumu zaidi, na tusilipite. Wako watoto kati yetu wanaojua hawakupangwa. Mama aliacha shule kwa sababu ya mimba ile. Baba aliondoka. Kijana wa namna hiyo akiuliza swali lile, hachezi. Anataka kujua kama yeye ni kosa. Mama, usimdanganye. Mwambie, "Sikukupanga, na nilipata shida. Lakini ulipofika nilikupokea, na leo namshukuru Mungu kwa ajili yako." Maneno hayo yanaweza kumshikilia mtoto siku ambayo wewe hutakuwa karibu. Na kama unalea mtoto wa ndugu na tarehe yake haijulikani, chagueni siku pamoja naye. Mungu hafungwi na tarehe.

Wana wa Ayubu walifanya karamu, kila mmoja kwa siku yake, wakiwaalika na dada zao. Maandiko hayasemi waziwazi kama zilikuwa siku za kuzaliwa. Yanachosema ni kwamba Ayubu aliamka alfajiri akatoa sadaka kwa hesabu yao wote. Hakuwaombea kwa jumla. Tujifunze hapo: mweke mkono kijana wako, umwombee kwa jina lake.

Haihitaji pesa nyingi. Chai, chapati na maharagwe zinatosha, ama chakula anachopenda yeye. Kama yuko bweni, ngojeni likizo ya Aprili, Agosti au Desemba. Simu ziwekwe kando, za wazazi kwanza. Kila ndugu aseme jambo moja zuri analoliona kwake, hata yule mdogo wanayegombana naye. Kama haya zinamzuia kuimbiwa, msimlazimishe.

Nawe kijana unayesoma hapa, neno moja. Yesu akiwa na miaka 12 aliwaambia wazazi wake neno ambalo hawakulielewa. Halafu Luka anasema alishuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawatii. Alikuwa na shughuli ya Baba yake, kubwa kuliko mwaliko wowote ulio nao Jumamosi hii, na bado alirudi nyumbani. Wape watu wako jioni moja. Mwulize mama siku ile ilikuwaje. Utashangaa ni mangapi ameyaweka moyoni.

Basi mzazi, siku utakapoulizwa, usikasirike. Jibu: "Hapana, mwanangu, hukuomba. Hata mimi sikuomba nizaliwe. Wote wawili tumepewa." Amina.

Ya kujadili nyumbani wiki hii: Je, kila mtoto katika nyumba yetu anajua habari ya siku aliyozaliwa? Nani atamsimulia?