Mkono Ndani ya Kiatu

Babu yangu alikuwa fundi viatu Ngamiani, Tanga. Kibanda chake kilinuka gundi, ngozi na mpira wa tairi. Alishona makubadhi, alibadilisha soli, alipigilia visigino, na hakuna kiatu kilichorudi kwa mwenyewe kabla hajatia mkono ndani. Alifumba macho, akapapasa kutoka kisigino hadi ncha, akitafuta msumari uliochomoza. Alitumia mkono wa kushoto. Wa kulia, ule wa nyundo, ulikuwa umejaa sugu hata hauhisi kitu.

Leo nahudumia miguu ya wagonjwa wa kisukari. Watu huniuliza nimetoka wapi na kazi hii, nami huwajibu kwamba nimetoka kibandani kwa babu.

Sikuwa wa kwanza kupita njia hiyo. William Scholl, Mmarekani aliyezaliwa Indiana mwaka 1882, naye alikuwa mjukuu wa fundi viatu. Alipokuwa akiuza viatu Chicago aliona miguu ya wateja ilivyoumia, akaamua kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1904. Namwelewa kabisa. Ukilelewa na fundi, huwezi kuuona mguu unaoumia ukautazama tu.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu neva, na miguu hufa ganzi. Tunaipima kwa uzi wa nailoni unaopinda ukifikia mkandamizo wa gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, akanena kila anapohisi. Wapo wanaoniuliza, "Mbona huanzi?" ilhali nimeshamaliza nyayo zote mbili. Swali hilo bado hunikata maini, kwa maana mtu wa namna hiyo anaweza kukanyaga msumari asubuhi akaugundua jioni kwa kuona damu.

Bibi mmoja aliletwa Alhamisi ana kidonda chini ya dole gumba. Nilimwamkia, nikaosha kidonda, kisha nikakichukua kiatu chake nikatia mkono. Wa kushoto, sijawahi kujizoeza wa kulia. Mbele kabisa vidole vyangu vikagusa kitu kigumu. Kifungo cha shati.

"Ala! Hicho cha mjukuu wangu," bibi akasema. "Tumekitafuta tangu Jumatatu, mwanangu. Nikamshonea kingine."

Siku nne alikuwa akikikanyaga.

Mjukuu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule, kifungo kimoja rangi mbali na vingine, machozi yakimlengalenga. Nilimwita, nikamwambia hana kosa, ila kuanzia kesho ana kazi: kila asubuhi, kabla bibi hajavaa viatu, yeye atangulize mkono. Nikampa kiatu ajaribu.

Akakipokea kwa mikono miwili, akaingiza vidole polepole, kutoka kisigino kwenda mbele. Nami sikuwa nimemwambia afumbe macho, lakini aliyafumba.