Chombo Kipya kwa Muziki wa Kale

Katika mambo yanayotukabili kila tunapozungumzia utamaduni, machache yana utata kama hili la uaminifu. Tukipokea kazi iliyotungwa na waliotutangulia, je, tunawajibika kuihifadhi kama tulivyoikuta, au twaruhusiwa kuivika vazi jingine? Ili tusije tukavutwa na ushabiki wa nyumbani, yafaa tuchukue mfano wa mbali.

Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1685 na kufariki mwaka 1750, alitunga muziki mwingi wa vinanda. Mwaka 1723 alikamilisha nakala safi ya vipande vifupi vya kufundishia, 15 kati yake vikiwa vya sauti mbili. Katika vipande hivyo mkono wa kushoto si mtumishi wa mkono wa kulia. Kila mmoja una wimbo wake kamili; mmoja huanza neno, wa pili hulidaka, nao husemezana hadi mwisho. Uzuri wake umo katika mazungumzo hayo.

Siku hizi wapo wanaoupiga muziki huo kwa gitaa la umeme. Kwa desturi, mpiga gitaa hubana nyuzi shingoni kwa mkono mmoja na kuzicharaza kwa mkono wa pili. Hawa huleta mikono yote miwili shingoni, na kila kidole huugonga uzi hadi ukagusa kipande cha chuma kilichopachikwa hapo, ukalia bila kucharazwa. Hivyo mikono yote huwa huru kama ya mpiga kinanda. Mbinu hiyo haikuanzia kwa mtu mmoja. Lakini Mmarekani Emmett Chapman aliivumbua kwa namna yake mwaka 1969, kisha akaiundia chombo maalumu, na mwaka 1978 Eddie Van Halen aliitangaza kwa vijana wengi katika kipande chake kiitwacho "Eruption".

Tuliposikia kwa mara ya kwanza Bach akipigwa hivyo, tulikunja uso. Tulijiambia kwamba mwacha asili ni mtumwa. Hata leo hatudai kwamba hofu yetu haikuwa na msingi. Hapsikodi, ambayo nyuzi zake hudonolewa kwa ncha za manyoya ya ndege, ina mlio wake, na mlio huo haupatikani katika gitaa. Kitu hupotea, na ni haki kusema kwamba kimepotea.

Hata hivyo, mambo mawili yalitulazimisha kufikiri upya. La kwanza ni mwenendo wa Bach mwenyewe. Alichukua tamasha ambalo Antonio Vivaldi wa Venice alilitungia fidla nne, akaliandika upya kwa hapsikodi nne. La pili ni klavikodi, kinanda kingine cha enzi hizo. Mpigaji abonyezapo kitufe chake, kipande kidogo cha shaba huinuka kikaugonga uzi na kubaki kimeugusa, na mahali kinapougusa ndipo urefu wa uzi unaolia unapoamuliwa. Kidole juu ya gitaa hufanya kazi iyo hiyo. Basi tulichodhani ni ugeni mtupu kilikuwa na jamaa katika nyumba ya zamani.

Je, kwa hiyo kila kitu ni halali? Hasha. Uzi mmoja wa gitaa hauwezi kutoa noti mbili kwa wakati mmoja. Sauti mbili zinapokaribiana, mpigaji hana budi kuitafuta noti kwenye uzi mwingine, au kuihamisha juu au chini, au kuiacha. Hapo ndipo maadili huingia. Anayeiacha baada ya kukosa njia, huyo ni mfasiri aliyeshindwa na neno moja. Anayeiacha ili apate kukimbia zaidi na kushangiliwa, huyo ameidhulumu kazi aliyoaminiwa. Aidha, mlio wa gitaa ukikuzwa hadi ukakwaruza, noti zinazolia pamoja huvurugana, na sauti ya chini humezwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mbinu hii, kwa kuwa yaruhusu kasi kubwa, huleta sifa upesi.

Sisi watunzi wa mashairi jambo hili si geni kwetu. Utenzi uliotungwa ili uimbwe, ukichapwa kitabuni hupoteza sauti ya mwimbaji, lakini vina, mizani na maana yake vyaweza kufika salama. Kinyume chake, mtu aweza kuughani kwa mahadhi yale yale ya wazee, lakini akaenda mbio hata wasikilizaji wakasifu pumzi zake na wasiambulie neno. Ni yupi kati ya hao aliyekuwa mwaminifu?

Kwa maoni yetu, uaminifu tunaodaiwa ni kwa kile kilichosemwa kabla ya kuwa kwa chombo kilichotumika kukisema. Na anayebadili chombo hujitwika deni la kazi zaidi. Mwalimu atakayewasikilizisha wanafunzi wake muziki wa namna hii asiwaulize kwanza kama vidole vilikwenda kasi. Awatake waifuate sauti ya chini tangu mwanzo hadi mwisho, kisha wamwambie ilijibu nini, na ni wapi ilipowapotea.