Wimbo Gani Utangulie?



Vijana wenzangu, kwaya zetu hapa Bariadi zikifikia hatua ya kurekodi, ugomvi mara nyingi hauanzii studio. Michango imepatikana, sauti nne zimekaa vizuri, mpiga kinanda yupo. Ugomvi unaanza siku ya kupanga: wimbo gani uwe namba moja, na upi uwe wa mwisho? Na kwa kuwa albamu kwetu mara nyingi hubeba jina la wimbo mmojawapo, kila mtu anatamani wake ndio ubebe. Mtunzi anautetea wa kwake. Aliyechangia fedha nyingi anautaka ule anaoupenda yeye. Watu wananuniana mpaka kwenye kupeana amani.

Basi niulize. Ukiwa na nyimbo 10, zote nzuri, zote za kumtukuza Mungu, je, kuna haki na dhuluma katika kuzipanga? Au ni suala la ladha tu?

Anayesema ni ladha tu ana hoja, tena siku hizi ina nguvu. Zamani kaseti ilikuwa na upande A na upande B, na ili ufike wimbo wa nne ilibidi upitie wa tatu, au upeleke mbele kwa kubahatisha. Leo nyimbo zinawekwa YouTube mmoja mmoja, zinarushwa WhatsApp, zinapigwa kwenye flashi ya bajaji bila mpangilio wowote. Sasa kwa nini tugombanie foleni ambayo msikilizaji mwenyewe hataifuata?

Hoja hiyo hainiridhishi. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo, anapotafuta wakati ni nini, anachukua mfano wa mtu anayetaka kuimba wimbo anaoujua. Kabla hajaanza, wimbo wote uko katika matarajio yake. Akiimba, unahamia kidogo kidogo kwenye kumbukumbu. Kisha anasema kwamba maisha yote ya mwanadamu yako hivyo hivyo. Yaani sauti inayosikika sasa inapata maana kwa zile zilizopita na zile zinazongojwa.

Naona ni vivyo hivyo kwa wimbo ndani ya albamu. Wimbo wa shukrani ukifuata wimbo wa majuto, unakuwa shukrani ya mtu aliyesamehewa. Huo huo ukifuata wimbo wa mavuno, unakuwa shukrani ya mkulima wa pamba aliyeuza vizuri. Maneno ni yale yale, noti ni zile zile, kilichobadilika ni jirani. Kumbe anayepanga anasema jambo ambalo hakuna wimbo mmoja unaolisema peke yake. Na kila anayesema anaweza kusema kweli au uongo. Hapo ladha pekee haitoshi tena.

Wasukuma tunajua namna moja ya kupanga nyimbo. Bagika na Bagalu wakishindana, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na umati unakimbilia kule kunakonoga. Manju hawezi kuanza na wimbo baridi, atabaki na vumbi. Mpangilio wake ni wa kuvuta watu, na katika ngoma hiyo ni akili. Lakini kwaya ikipanga kwa kuvuta watu tu, itaweka mbele zile za kuchezeka, kisha ule wimbo wa msiba, au ule wa mwaka mvua ilipokataa, itausukuma mwisho kabisa, au itauacha. Msikilizaji akimaliza atadhani watu wa Simiyu hawajawahi kulia. Kila wimbo umesema kweli, ila albamu imedanganya.

Angalieni waliokusanya Zaburi 150. Walianza na ile ya njia mbili, ya mwenye haki na ya mwovu, wakamaliza na ya sifa tupu, yenye vinanda na matoazi. Ila katikati hawakuificha Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila hata neno moja la faraja. Na baada yake wakaweka ya 89, ambayo mwimbaji wake anaanza kwa kuahidi kuziimba fadhili za Bwana milele. Giza halikupewa nafasi ya mwisho, lakini nafasi lilipewa. Huo ndio mpangilio ninaouita wa haki: wimbo unaofuata uwe kama umeusikia ule uliotangulia.

Tukirudi kwa wale wanaonuniana: kuwa wa mwisho si lazima kuwe dharau. Wimbo wa mwisho ndio unaobaki sikioni. Lakini tusimwambie mtu maneno hayo ili kumnyamazisha. Kipimo changu ni rahisi: sababu ya kuuweka wimbo wake pale, je, tunaweza kuisema mbele yake bila kuona haya? Kama sababu ni “wimbo huu unahitaji ule utangulie,” tutaisema. Kama ni “yule ametoa laki tano,” tutanong’ona. Penye kunong’ona, chunguza.

Augustino huyo huyo, katika Mji wa Mungu, anaona fadhila kuwa ni mpangilio wa upendo. Kitu chema kinaweza kupendwa vibaya kwa kupewa nafasi isiyo yake. Simu ni njema, kazi ni njema, mchumba ni mwema, hata kwaya ni njema. Mara nyingi kijana hapotei kwa kupenda ubaya mtupu, anapotea kwa kuweka namba moja kitu kilichostahili namba sita. Na tofauti na albamu, siku haisikilizwi kwa kurukaruka. Ukiianza kwa simu, sala ya saa nne usiku inapokea kichwa ambacho simu imekwisha kukichosha.

Wiki hii, andika kwenye karatasi mambo 5 unayoyapenda, kwa mpangilio unaoyaishi, si unaoutamani. Kisha uliza: namba moja yako inaziachia nyingine nafasi ya kusikika?

Ee Bwana, uliyeziweka siku za uumbaji kila moja mahali pake, panga na mapendo yetu. Tusimfiche anayelia, wala tusimnunulie mtu nafasi ya mbele. Amina.