Je, Mzee Ameulizwa?



Katika darasa yetu ya baada ya Isha ulizuka mjadala ambao twaona si haki tuufungie sisi wenyewe. Swali lake kwa juu juu laonekana jepesi: mtu akimtendea mzee wema ambao mzee huyo hakuuomba, wala hakuulizwa kama auhitaji, je, atakuwa amemtimizia haki yake? Wengi wetu tulijibu papo hapo kuwa ndiyo, tena kwa ukali kidogo, kana kwamba muulizaji ametaka kutunyang'anya thawabu zetu. Lakini kadiri tulivyozidi kulipekua swali lile ndivyo tulivyozidi kunyamaza, kwa sababu ambayo nitaieleza wazi, maana si vyema kuwasema wengine ilhali aibu ni yetu.

Vijana wa mtaa wetu, nami nikiwa pamoja nao, tulikusanya fedha kwa nia ya kuwasahilishia ibada watu wazima wa msikitini. Tukanunua viti 12 vya plastiki, tukavipanga safu ya nyuma karibu na feni, tukaombewa dua, tukarejea majumbani tukijihisi wepesi. Ijumaa ya kwanza viti vilikaliwa. Baada ya majuma machache vilikuwa vya kutundikia makoti na vya watoto wa chuoni kuchezea. Baadhi yetu wakaanza kunong'ona kuwa watu wazima hawa hawana shukurani. Kisha mzee mmoja, ambaye kwa miaka mingi alikuwa hakosi sala ya alfajiri, akawa haonekani. Tukadhani ni mgonjwa. Mwenzetu akaenda kumjulia hali, akamkuta ukumbini kwake ameketi, hana homa wala maumivu.

"Mwanangu," mzee akamwambia, "kiti sina haja nacho. Nikishafika ndani nasimama na kurukuu kama nilivyozoea. Linalonishinda ni kufika."

Ikabainika kuwa mifereji ya kutawadhia iko chini mno, yamlazimu mtu achutame. Kuwa sakafu pale ina utelezi, na hapana chuma wala ukuta wa kushikilia wakati wa kuinuka. Kabla ya Ramadhani alikuwa ameteleza akaangukia kiuno, akanyanyuka mwenyewe, asimwambie mtu kwa kuona haya. Na juu ya hayo, taa ya uchochoroni ilikuwa imekufa zamani, na pikipiki hupita pale gizani kwa kasi.

"Mbona hukutwambia, mzee wangu?" akaulizwa.

"Kwani mliniuliza?"

Tulipopiga hisabu tukaona kwamba fedha za viti zingalitosha kuweka chuma cha kushikilia, kuinua mifereji miwili, na kutia taa mpya. Khasara ya fedha ni ndogo. Iliyotuuma ni kwamba mtu mzima wetu aliikosa jamaa kwa sababu ya utelezi ambao sote tulikuwa tukiukanyaga mara tano kwa siku, na tukaupita kwa kuwa magoti yetu yangali mazima.

Sasa, ni kwa nini hatukuuliza? Si kwa dharau. Katika miji yetu ya pwani mzee haamkiwi kwa kupitiwa tu. Mkono wake hushikwa na kubusiwa, na kijana akikaa kitini huinuka akampisha. Nami naogopa kwamba adabu hizi ndizo zilizotughuri. Tumezoea kumheshimu mzee hata tukadhani kuwa kumheshimu ni kumjua. Tena iko sababu ya pili, ambayo si nzuri kuitaja lakini ni ya kweli: mwenye kutoa bila kuuliza huchagua mwenyewe atoe nini, kiasi gani, na lini, na shukurani zote huwa zake. Mwenye kuuliza kwanza hujifunga. Akiambiwa kwamba haja si kiti bali ni kusugua sakafu kila Alkhamisi, itambidi ashike ufagio.

Katika Qur'ani iko sura iitwayo Shura, na humo kushauriana kumetajwa kuwa ni katika sifa za waumini, kukawekwa baina ya kusimamisha sala na kutoa katika mali. Natizama mpango huu nikiona jinsi tulivyofanya sisi: tulitoka kwenye sala tukarukia kwenye kutoa, na kilichowekwa katikati tukakipita.

Na katika Bukhari na Muslim imepokewa khabari ya mtu aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akashitaki kwamba yeye hujizuia na sala ya alfajiri kwa sababu imamu fulani huirefusha mno. Mpokezi aeleza kuwa hakuwahi kumuona Mtume ameghadhibika katika mawaidha yake kama alivyoghadhibika siku ile. Akaamrisha kuwa anayesalisha watu asahilishe, kwani nyuma yake wamo madhaifu, na wakongwe, na wenye shughuli zao. Sisi hadithi hii huitumia kuwakumbusha maimamu. Lakini yafaa pia tuangalie jambo lilianzia wapi. Halikuanzia kwa imamu kukaa akafikiri juu ya wakongwe. Lilianzia kwa maamuma aliyesema, akasikizwa. Hakuambiwa avumilie, wala hakuambiwa kwamba kulalamika juu ya imamu ni utovu wa adabu. Kwa maneno yake yule mtu mmoja, sala ilibadilishwa mwendo.

Hali kadhalika yasimuliwa kwamba Sayyidna Umar, zama za ukhalifa wake, alisimamishwa njiani na mwanamke mkongwe, akamsikiza kwa muda mrefu hata waliokuwa pamoja naye wakaona ajabu. Akawajibu kuwa huyo ndiye Khawla bint Thaalaba, ambaye mashitaka yake Mwenyezi Mungu aliyasikia, na habari yake ndiyo iliyofungulia Surat al-Mujadala. Wanavyuoni wana maneno juu ya isnadi ya kisa hiki, nasi hatutaki kujengea hukumu juu yake. Lakini habari ya Khawla yenyewe imo katika Kitabu, nayo yatosha kumfanya mtu asikimbilie kumkatiza bibi kizee.

Nimemtaja Khawla kwa makusudi, kwa kuwa katika shauri la wazee twasahau zaidi wanawake. Baada ya kisa cha viti tulikwenda nyumba kwa nyumba, na mabibi wa mtaa wakaulizwa na binti zetu. Bibi mmoja hakusema neno juu ya msikiti. Alisema kuwa baina ya nyumba yake na sokoni zamani palikuwa na baraza tatu za mawe, naye akitoka na kikapu chake hupumzika katika kila moja. Ya kwanza ilivunjwa ili duka lipanuliwe, ya pili imekuwa maegesho ya pikipiki, na ya tatu imetiwa vyuma vyenye ncha ili watu wasikalie. Kwa hivyo bibi haendi tena sokoni. Hununuliwa vitu na mjukuu wake, na hivyo wiki nzima hupita bila kuuona uso wa mtu asiyekuwa wa nyumba yake. Nani katika sisi angaliweza kulibuni jambo hili kichwani mwake? Baraza tuliiona kuwa ni pambo la nyumba za kale, au pahala pa wanaume kunywea kahawa. Kumbe kwa mtu wa miaka 80 ndiyo iliyokuwa ikiupima urefu wa mji.

Wala mtu asidhani kuwa nautukuza ukale. Nyumba zetu za mawe, Mombasa na Lamu, zina ngazi zilizosimama wima na vizingiti virefu ambavyo havikumhurumia mkongwe yeyote. Wazee wetu walijenga vingine vizuri na vingine vibaya, kama tujengavyo sisi.

Fikra hii ya kuwauliza wenyewe si yetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujua mji upasao kwa wazee ni mji wa namna gani, lilianza kwa kuwaketisha wazee wenyewe, karibu watu 1500 katika miji 33, na Nairobi ikiwa mmojawapo, ndipo likatoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 2007. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inapotaja haki za waliopindukia miaka 60, yataja kwanza haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Kutunzwa na jamaa na Serikali kumekuja mwisho. Zile shilingi 2000 kwa mwezi ambazo Serikali huwapa wazee walioandikishwa wa miaka 70 na zaidi ni kheri, hatuzibezi. Ila shilingi hazina uwezo wa kumuuliza mtu lolote, wala haziwezi kuwasha taa ya uchochoroni. Hilo ni la jirani.

Mwenzetu katika darasa alileta pingamizi nzito, nami siwezi kuificha. Alisema: "Watu wazima hawana kauli moja. Huyu ataka feni, yule aogopa baridi. Na baadhi yao mkiwapa nafasi ya kusema watataka kila jambo libaki lilivyokuwa mwaka 1960, hata chuo cha wasichana wasikitake." Asema kweli. Kuuliza si kutii. Mzee aweza kukosea kama kijana, na uzee haumpi mtu haki ya kuwafungia wengine mlango. Lakini yapo mambo ambayo yeye ndiye shahidi wake, nayo ni mwili wake na njia yake. Juu ya goti lake hapana mjuzi kuliko yeye. Na anapokataliwa shauri lake katika jambo lingine, basi akataliwe kwa hoja, usoni mwake, kama akataliwavyo mtu mwenye akili. Wala asinyamaziwe kwa tabasamu kama mtoto.

Pingamizi jingine ni kinyume cha hili, nalo naliogopa zaidi. Ni kuuliza kwa maonyesho: wazee wakaitwa mkutanoni, wakapewa halua na kahawa, majina yakaandikwa, picha zikapigwa, kisha hapana lililofuata. Bora asiyeuliza kabisa, kwani huyo angalau hakumtumainisha mtu. Mzee hana miaka mingi ya kungojea kamati.

Basi sisi tumefanya hili. Kila mwezi, baada ya sala ya Ijumaa ya kwanza, wazee wawili na mabibi wawili, ambao mtaa wenyewe uliwataja, huzunguka mtaani pamoja na vijana, na pahala wanaposimama kuvuta pumzi au kushika ukuta ndipo tunapoandika. Vijana hutembea kwa mwendo wao wazee, na hilo peke yake lilitufundisha mengi, kwani njia ya dakika 5 ilituchukua dakika 25. Chuma cha kushikilia kimewekwa mahali pa kutawadhia, na mifereji miwili imeinuliwa. Sakafu yasuguliwa kwa zamu. Taa yawaka. Mwenye duka la kwanza amekubali kujenga kibaraza kidogo cha saruji mlangoni pake, lakini mwenye nyumba iliyotiwa vyuma vyenye ncha angali akataa, akisema kuwa vijana wa vibanda vya jirani hukalia hapo usiku wakatafuna miraa na kutukana. Nalo ni kweli, tumewasikia. Bibi amesema apelekwe akazungumze naye mwenyewe, na Jumamosi ijayo, inshallah, tutamsindikiza.