Katika Kuifunua Siri ya Mwenzio

Amma baad. Alitujia mtu hapa Magamba baada ya swala ya isha, akatuuliza: "Sheikh, kazini kwetu ameingia mwanamke mgeni. Siku ya pili mwenzetu mmoja akaninong'oneza ya kuwa huyu alizaliwa akaandikwa mwanamume, na jina lake la kwanza lilikuwa jingine. Je, huyu aliyeninong'oneza amekosa, na hali alisema kweli?" Kazi yenyewe hatuitaji, maana Magamba si mji mkubwa.

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa uzito wa suala hili umo katika maneno yale ya mwisho. Wengi hudhani ukweli wa habari ndio ruhusa ya kuisema. Sivyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikwisha fahamisha ya kuwa kusengenya huwa kwa jambo la kweli. La uwongo jina lake ni kuzua. Basi ajiteteaye kwa kusema "nimesema kweli" hakujitetea, amekiri.

Atasema mtu: "Ile ilikuwa nasaha." Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, yaani 1277, ametaja katika Riyadhu Ssalihina sababu sita za kumtaja mtu asiyekuwapo, na nasaha ni mojawapo, kama mtu akikutaka shauri juu ya posa, au ushirika, au amana. Mizani yake ni dhara imkabiliyo msikizaji. Naye atendaye kazi na mwenzake chini ya paa moja, apatwa na dhara gani kwa jina ambalo mwenzake aliitwa utotoni? Hapana dhara. Umebaki utamu wa ulimi tu.

Wala tusichanganye masuala mawili. Hukumu ya mavazi na ya kubadili mwili ina milango yake katika fikihi. Na Nawawi huyo huyo, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amepambanua baina ya mwanamume aliyeumbwa na tabia ya kike, asiye na lawama, na yule ajitiaye kwa makusudi. Wanazuoni walipambanua kwanza, ndipo wakahukumu. Mnong'onaji hakupambanua neno. Na hatta aaminiye kuwa mwenzake amekosa, hakupewa kwa imani hiyo ruhusa ya kumtangaza.

Na dhara ya kufunuliwa si ndogo. Huko Kenya, Audrey Mbugua alikuwa na shahada ya mitihani yenye jina lake la kiume la zamani. Karatasi ile yamfunua kwa kila amwombaye kazi. Oktoba 2014 Mahkama Kuu ya Nairobi ikaliamuru baraza la mitihani limpe nyingine yenye jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Kwetu Tanzania, Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam aliwataka raia wampelekee majina ya wadhaniwao kuwa mashoga. Novemba serikali ikatamka kuwa ile ni rai yake mwenyewe. Lakini jina likisha tajwa halirudi kinywani.

Tukamjibu muulizaji: "Amekosa. Nawe yakulazimu umkataze, na ukishindwa, uondoke. Na mgeni wenu mwite kwa jina alilojijulisha nalo, ukafanye naye kazi."

Kisha tukamuuliza: "Nawe umekwisha mwambia nani?"

Akainama kimya.

"Basi nenda kwake usiku huu huu, kabla hajamfikia wa tatu."

Wallahu aalam.