Kufuta si Kutubu

Katika vibanda vya mafundi wa kompyuta vya Katoro, Geita na Kahama, ambako umeme hukatika pasipo taarifa na vumbi la karasha za kusagia mawe ya dhahabu hupenya hata katika mashine iliyofunikwa kwa kitambaa, kuna swali linaloulizwa tangu asubuhi hata jioni, na aghalabu anayeliuliza hadhani kwamba ameligusa jambo la dini: je, mfumo endeshi ulioharibika utengenezwe, au ufutwe na kuwekwa mwingine? Kazi hii ya pili mafundi huiita kupiga window, nao huipenda kwa kuwa mwanzo na mwisho wake unajulikana, bei yake haina mjadala, na mteja hurudi kwake na mashine nyepesi kana kwamba imetoka dukani leo. Kutengeneza hakuna ahadi ya namna hiyo. Fundi hana budi kutafuta chanzo: huenda ni faili la mfumo lililokatika katikati ya kuandikwa umeme ulipozimika, huenda ni diski iliyoanza kufa, huenda ni kirusi kilichokuja na flashi ya mtu, au ile programu ya kughushi leseni iliyowekwa na fundi mwingine, na pengine, baada ya kutaabika siku nzima, ataona kwamba hakuna linalofaa ila kufuta.

Sisemi kwamba kufuta ni kosa. Mashine ambayo kirusi kimeingia ndani kabisa ya mfumo wake haiaminiki tena, maana hata programu ya kuichunguza hutegemea mfumo uleule ulioharibika, ikawa sawa na kadhi anayemwomba mshitakiwa amchagulie mashahidi. Tena Windows yenyewe, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, humpa mtumiaji hiari mbili anapotaka kuirejesha: kubakiza mafaili yake au kuondoa kila kitu. Ninalolihofia ni wepesi wetu wa kuichagua hiari ya pili, kwanza kwa mashine, kisha kwa nafsi.

Nilikuwa katika kibanda kimoja cha Katoro alipoingia karani wa duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, na kompyuta mpakato ambayo, kila ikiwashwa, ilionyesha kioo cha buluu, ikazima, ikawaka tena. Ndani yake mlikuwa na hesabu za mgawo: mifuko mingapi ya mawe ilitoka chini, mingapi ni ya mwenye eneo, mingapi ya mwenye duara, na mingapi ya vijana walioshuka. Fundi akauliza, “Kaka, humu kuna vitu vyako?” Karani akajibu, “Wewe piga tu window, bosi, tuanze upya.” Mchimbaji mmoja aliyefuatana naye, nguo zake zimekuwa nyeupe kwa unga wa mawe, alikuwa kimya muda wote; hapo akasema taratibu, “Na mifuko yetu ya mwezi uliopita?” Fundi hakujibu neno. Alifungua skrubu za chini, akaichomoa diski, akaiunga kwa waya na mashine yake mwenyewe, akayanakili mafaili yote mbele ya macho yao. Baada ya hayo ndipo alipoirudisha mahali pake na kupiga window.

Simtuhumu yule karani. Yamkini alichoka tu. Lakini tendo la fundi limenifunza kuhusu toba kuliko hotuba nyingi nilizozisikia. Mfumo ule ulistahili kufutwa, nao ulifutwa. Hesabu hazikustahili, kwa kuwa hazikuwa mali ya mwenye mashine. Zilikuwa amana. Mtu anaponunua kompyuta huipata kwa fedha zake, lakini akiisha kuandika ndani yake haki za wengine, hana tena mamlaka ya peke yake juu ya yote yaliyomo.

Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikiweka kitabu cha toba mwanzoni mwa robo ya nne ya kitabu chake kikubwa, Ihya, na humo alitofautisha dhambi zilizo baina ya mja na Mola wake na dhambi zinazogusa haki za waja. Hizi za pili haziishi kwa majuto na istighfari pekee. Mwenye kutubu hutakiwa ayapekue maisha yake tangu siku aliyobaleghe, mwaka kwa mwaka na siku kwa siku, amjue aliyemdhulumu na amrudishie haki yake. Zakayo naye, mtoza ushuru wa Yeriko katika Injili ya Luka, hakusema kwamba ameanza ukurasa mpya basi yaishe. Alisema kwamba aliyemtoza kwa hila atamlipa mara nne. Mtu angemlipaje mwenzake mara nne kama ameisahau mara ya kwanza? Toba ya hao wote wawili inahitaji kumbukumbu, na asiyekuwa na kumbukumbu hana cha kulipa wala wa kumlipa.

Hapa najua nitapingwa na ndugu zangu waliookoka, ambao huamini kwamba muumini ni kiumbe kipya na kwamba Mungu hazihesabu tena dhambi alizokwisha kusamehe. Naipokea imani hiyo kwa heshima. Lakini Mungu anaposamehe husamehe lililo lake. Deni la mchimbaji lina mwenyewe, naye yu hai, anakaa Nyarugusu na watoto wake wanadaiwa michango ya shule. Anayesema amezaliwa upya ilhali hakuligusa deni hilo amechagua kuondoa kila kitu, na katika hicho kila kitu mna jasho la mtu.

Wala kufuta hakufuti kama tunavyodhani. Katika diski ya kuzunguka, fundi anayefomati kwa njia ya haraka huandika fahirisi mpya tu. Maandishi yenyewe hubaki palepale mpaka yaandikiwe mengine juu yake, na mwenye maarifa huweza kuyatoa.

Nchi ya Shinyanga imeyaona haya ya kufuta kila kitu kwa ardhi yake. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliongoza ufyekaji wa mapori makubwa ili mbung'o wakose kivuli, na idara ya kuwachunguza wadudu hao, chini ya Charles Swynnerton, ilikuwa na makao yake hukohuko Shinyanga. Malale yalikuwa balaa ya kweli, na waliofyeka hawakuwa na nia mbaya. Lakini pamoja na mbung'o viliondoka kuni, dawa, asali na malisho ya kiangazi. Yakaja mashamba ya pamba, mifugo ikazidi, kisha uhamisho wa watu kwenda vijijini wa miaka ya 1970 ukawatenga watu na ngitili zao, yaani yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua na kuyafungua wakati wa kiangazi kwa ndama na mifugo dhaifu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ulitilia mkazo vitalu na miche. Lakini faida kubwa ilipatikana ulipowarudia wazee waliozikumbuka ngitili na kuiacha mizizi iliyokuwa ingali hai chini ya ardhi ichipue yenyewe. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi, na mwaka 2002 mradi huo ukatambuliwa na Mpango wa Ikweta wa Umoja wa Mataifa.

Nawaomba basi mafundi wa Katoro, Kahama na kwingineko wasimfutie mteja mashine yake kabla ya kumuuliza humo mna haki ya nani, na akijibu kwamba hamna, waifungue diski watazame. Na wewe msomaji, ukikusudia kuanza maisha mapya mwaka huu, andika kwanza majina ya unaowadai na wanaokudai, kisha nenda ukaanze na hao wanaokudai.