Mzamiaji, Mwachie Mwenye Nyumba Dinari Mbili

Somo: Luka 10:30–35

Wahubiri tumemchosha Msamaria. Kila mwaka tunampandisha mimbarani, tunamsifu kwa mafuta na divai, tunamsuta kuhani aliyepita kando, kisha tunapitisha kikapu cha sadaka na kwenda kula. Leo mwacheni Msamaria kidogo. Mtazameni mwenye nyumba ya wageni. Hana jina, hana kabila, hana hata neno moja alilotamka katika habari nzima, lakini ndiye aliyebaki na majeruhi. Msamaria alilala usiku mmoja tu. Kulipokucha alitoa dinari mbili, akaagiza mgonjwa atunzwe, akaahidi kwamba gharama ikizidi atailipa atakaporudi, akashika njia. Alikuwa na safari yake, na Injili haimlaumu kwa kuwa na safari yake.

Hapo ndipo nataka tusimame, ndugu zangu madaktari, matabibu, wauguzi, wakunga, watu wa maabara, wa meno na wa macho. Nawahubiria ninyi mnaopanga likizo.

Wageni wa Ulaya na Marekani wana desturi ya kufunga mizigo miwili katika safari moja. Wanakwenda kisiwa cha mbali kuzamia baharini na mitungi ya hewa mgongoni, na siku nyingine za safari hiyo hiyo wanajitolea zahanati. Wapo wanaoicheka desturi hii, wakisema ni huruma ya watalii. Baadhi ya kicheko hicho ni cha haki, nitakifikia. Lakini kabla ya kuwacheka wao, nawauliza ninyi wenye bahari: mbona hamumo?

Chukueni Mafia. Kisiwa kiko Mkoa wa Pwani. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam haimalizi hata saa moja, na asiye na nauli ya ndege hupanda chombo Nyamisati akashukia Kilindoni. Hifadhi yake ya bahari ilitangazwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, kilomita za mraba 822 za matumbawe, mikoko, nyasi za baharini na vijiji vya watu. Ukiwa kijiji cha Utende, mbele yako ni Ghuba ya Chole. Maji yanapojaa huingia kwa nguvu kupitia mlango wa Kinasi, na samaki huingia nayo makundi kwa makundi. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe husogea karibu na Kilindoni. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hula vidudu vidogo vinavyoelea majini. Watu wanavuka mabara mawili kuja kumtazama kiumbe huyu akifungua kinywa. Daktari aliyezaliwa Temeke, akasomea Muhimbili, hajawahi hata kuvaa miwani ya kuzamia! Mungu ameweka kazi ya mikono yake mlangoni petu, nasi tunaisoma kwenye vipeperushi vya wageni. Jifunzeni kuzamia. Vijana wa kisiwani wanaoongoza wazamiaji watawafundisha kwa Kiswahili, tena kwa mzaha na uvumilivu.

Sasa tokeni majini.

Mwaka 2000 Tanzania ilipoanza mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha, ilianzia Mafia. Jamii nzima ilimezeshwa dawa mbili kwa pamoja, ivamektini na albendazoli. Aliyeuongoza mpango huo ni marehemu Dkt. Mwele Malecela, ambaye baadaye aliongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kisha akasimamia idara ya magonjwa yaliyosahaulika katika Shirika la Afya Duniani hadi alipofariki mwaka 2022. Namtaja kwa makusudi, ili mtu asiniambie kwamba kuhudumia visiwa ni kazi ya wageni.

Dawa zile huua minyoo michanga inayotembea katika damu, mbu akija kunyonya asipate cha kumpelekea jirani. Ni kazi kubwa. Lakini kidonge hakiurudishi mguu uliokwisha kuvimba, wala hakiliondoi busha lililokwisha kukua. Busha linataka upasuaji, nao si mgumu kwa mkono uliofundishwa. Mguu wa matende unataka kitu ambacho hakuna duka la dawa linalokiuza: kuoshwa kwa sabuni na maji safi kila siku, kukaushwa hadi katikati ya vidole, kuinuliwa mtu anapokaa au kulala, kunyooshwa kwa mazoezi. Vijidonda vikizuiwa, homa na maumivu yanayorudi mara kwa mara hupungua, na mgonjwa hurudi shambani na sokoni.

Mzamiaji, nisikilize vizuri hapa. Ukitoka baharini jioni, kazi yako ya kwanza ni kusuuza vifaa kwa maji matamu. Unasuuza miwani, unasuuza mapezi, unasuuza mpira wa kupumulia na suti, kila siku bila kukosa, kwa sababu umefundishwa kwamba chumvi ikibaki itakula. Hukuhitaji kuhubiriwa. Unachota beseni zima na unaifanya kazi hiyo kwa upole kama mama anayemwogesha mtoto. Kijiji cha pili yupo bibi mwenye mguu uliovimba anayehitaji beseni la maji ya namna hiyo hiyo, sabuni ya mche, kitambaa kikavu, na mtu wa kukaa naye nusu saa amwonyeshe pa kuanzia. Na kama yuko kisiwa cha Jibondo, ambako maji matamu yamekuwa shida ya vizazi, hata hilo beseni huenda likawa la kutafutwa. Je, mpira wako wa kupumulia una thamani kuliko unyayo wa bibi yule?

Msinikwepe kwa kusema hamna utaalamu wa magonjwa ya kitropiki. Kuosha mguu ni utaalamu wa Alhamisi Kuu.

Tena nasema mnacho kitu ambacho mgeni hana. Busha ni ugonjwa wa aibu. Mzee hulificha ndani ya msuli miaka na miaka, akaacha kwenda baharini, akaacha kwenda harusini. Pwani bado wapo wanaoamini kwamba linatokana na kunywa madafu mengi, na katika kisiwa cha minazi imani hiyo haikosi ushahidi wa kila siku. Mgeni anayekuja na mkalimani, tena mkalimani mwenyewe kijana wa hotelini anayeweza kuwa mjukuu wa mgonjwa, ataambiwa kwamba mzee anasumbuliwa na kichwa. Atapewa dawa ya kichwa na kwenda zake. Wewe utaamkia, utakaribishwa kwenye baraza, utaulizwa umetoka wapi na kwenu ni wapi, na baada ya kahawa ya pili mzee atasema, “Mwanangu, kuna jambo.” Neno hilo halitafsiriki kwa mgeni wa siku tatu. Nawaambia pia ninyi mliko Muscat, London na Minneapolis, mnaotuma fedha nyumbani na kulia mkiona picha za pwani: Kiswahili chenu kile ni kifaa cha tiba. Msikiache kabatini.

Sasa nije kwenye kicheko cha haki.

Kuna dinari za kughushi. Dawa zilizobakiza wiki chache kuisha muda, zilizokusanywa kabatini na kubebwa kisiwani kama sadaka, ni dinari ya kughushi. Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba dawa za msaada zinapofika ziwe na angalau mwaka mmoja mbele yake. Mashine inayokuja bila fundi na bila vipuri ni dinari ya kughushi. Mwanafunzi anayekwenda kujaribu kwa maskini wa visiwani kile ambacho kwao haruhusiwi kukigusa ni mnyang'anyi wa pili katika barabara ya Yeriko, na ole wake aliyempa glavu. Picha ya mguu wa matende iliyopigwa kwa siri ili marafiki wapongeze huruma ya mpigaji, hiyo ni wizi. Na ndugu Wakristo wenzangu, Mafia wengi wao ni Waislamu: msifungie karatasi za mahubiri ndani ya bahasha ya vidonge. Mgonjwa si samaki wa kuvuliwa kwa chambo cha dawa. Msamaria hakumuuliza majeruhi dini yake, wala hakumtoza imani baada ya kumfunga jeraha.

Sheria nayo ni sehemu ya upendo. Daktari wa kigeni anahitaji usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi ana baraza lake. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea. Wewe mwenye leseni hapa hapa nchini huna budi kupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Najua wapo wanaoona huo ni urasimu. Nawauliza, mtu akiingia jikoni kwako bila hodi akaanza kukaanga samaki, utamsifu kwa kujitolea?

Liko na jambo la majira, nalo linaniuma. Wazamiaji hufuata maji maangavu, na maji maangavu ni ya kaskazi. Masika yakianza, Aprili na Mei, baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Bahari huchafuka, vyombo vya Nyamisati husubiri, barabara za ndani hujaa madimbwi, na mbu wa malaria ndipo anapozaliana. Yaani pale mgonjwa anapoongezeka ndipo mtu wa kujitolea anapoondoka. Mgeni wa mbali hana la kufanya. Tiketi yake ni ya mara moja. Lakini wewe wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, njoo Januari uzamie, ujulikane, ujue njia. Kisha rudi Mei uhudumu. Msamaria aliahidi kurudi, na kisiwa kitakupima kwa kurudi huko.

Msichanganye kazi hizi mbili katika siku moja. Najua matangazo yanavyosema, asubuhi matumbawe, mchana wagonjwa. Mimi siafiki. Kuzamia huchosha mwili kuliko mtu anavyojihisi, na mkono uliotoka mita 25 asubuhi usishike kisu adhuhuri. Toa siku nzima kwa bahari, toa siku nzima kwa watu. Na bahari yenyewe iheshimuni. Nitrojeni ya hewa ya mtungi huingia katika damu na nyama za mwili kwa shinikizo la kina. Ukipanda haraka hugeuka mapovu mwilini, na mapovu hayo yanaweza kupoozesha miguu. Kisiwani hakuna chumba cha mgandamizo cha kumtibia aliyepatwa. Mjitolea anayezamia kwa ubishi hugeuka mgonjwa wa kusafirishwa, na anayeachwa bila mhudumu ni mama aliyekuwa kwenye foleni.

Kwa sababu ya mapovu hayo hayo, aliyezamia siku kadhaa mfululizo huelekezwa asipande ndege mpaka zipite angalau saa 18, na wengi huhesabu saa 24 kwa usalama zaidi. Ndiyo kusema kila mzamiaji atakayerudi kwa ndege, tajiri kwa maskini, ana siku moja ya mwisho asiyoruhusiwa kugusa mtungi. Hoteli huijaza siku hiyo kwa kununua mikeka na kulala kwenye bembea. Ndugu zangu, hiyo ndiyo asubuhi ya dinari mbili! Itumieni kukaa na muuguzi wa zahanati, yule mwenye nyumba ya wageni. Pitieni pamoja habari za mgonjwa mmoja mmoja. Andikeni katika faili, kwa Kiswahili kinachosomeka, mmemfanyia nini, nyuzi zitolewe lini, dalili gani zikitokea mgonjwa akimbizwe hospitali Kilindoni. Mvuvi aliyepasuliwa busha hawezi kurudi kuvuta nyavu wiki ijayo. Nani atailisha nyumba yake? Mwenye mshono aliyetoka kisiwa cha Juani anahitaji nauli ya mashua kurudi kukaguliwa, nani ataitoa? Hizo ndizo dinari, ziwekeni mezani, zihesabiwe mbele ya mashahidi, risiti iandikwe. Na simu yenu iwe wazi akipiga.

Muuguzi yule alikuwapo kabla yenu. Alizalisha usiku wa mvua kwa tochi ya simu, na mtakapokuwa mnasimulia habari za papa potwe yeye atakuwa anahesabu paketi za dawa kuona kama zitafika mwisho wa mwezi. Msimpite kama mtu wa kuwashikia trei. Mwambieni mnachojua, na muulizeni anachojua, kwa maana yeye ndiye atakayebaki na mgonjwa.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, kabla ya kukodi mapezi, mwandikie Mganga Mkuu wa Wilaya, Kilindoni. Mtajie taaluma yako, leseni yako na siku ulizonazo, kisha umuulize anakosa nini. Akikujibu kwamba hahitaji mpasuaji, anahitaji mtu wa kufundisha kuosha miguu, au fundi wa jokofu la chanjo, au mtu wa kupanga mafaili, usinung'unike. Nenda kafanye hilo aliloliomba, au mtafute mwenye ujuzi huo umlipie nauli. Barua hiyo iandike wiki hii.